Kiingereza nacho kinauzika kwa robo: nilivyoanza kufundisha watu wazima nikiwa na duka Manyamanyama

Wiki iliyopita niligusia kidogo kwamba pale dukani kwangu nina benchi la kufundishia Kiingereza watu wazima. Meseji zikawa nyingi. Unalipwa shilingi ngapi? Una cheti gani? Na mimi form four naweza? Leo naeleza yote, pamoja na hasara, maana hasara ndiyo iliyonifundisha hii kazi.

Kwanza tuelewane kwa nini soko lipo. Hapa kwetu mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Aliyeishia darasa la saba hakuivuka hiyo daraja kabisa. Aliyefika kidato cha nne wengi aliivuka kwa kukariri. Wote wawili leo ni watu wazima, wana kazi, na Kiingereza kinawapita mbele ya macho kila siku: kwenye katoni ya mzigo, kwenye simu, mdomoni mwa mgeni anayeshuka Bunda akitafuta usafiri wa kwenda geti la Ndabaka kuingia Serengeti. Darasani hawarudi tena. Umri umeenda na watoto wanataka ada. Lakini hitaji lipo, na penye hitaji sisi wenye maduka tunajua kinachofuata.

Sasa hasara yangu.

Mwezi wa kwanza nilifanya kama nilivyoona wengine wanafanya. Nikaandika tangazo kwa maka peni: "Jifunze Kiingereza miezi 3, utaongea kama Mzungu." Ada 20,000 kwa mwezi. Wakajiandikisha watu 11. Wanne wakalipa yote, saba wakalipa nusu, jumla 150,000 mkononi. Nikajiona nimetoboa. Nikakodi chumba 40,000, nikatengenezesha ubao 35,000, nikatoa kopi za kitabu kwa watu 11 ikawa 33,000, taa na umeme 12,000. Ikabaki 30,000.

Vipindi vilikuwa 12 kwa mwezi, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Wenye maduka mshanielewa. Huo ndio muda watu wanatoka kazini wananunua unga, mafuta ya kupikia, sabuni na vocha. Kila jioni niliyofunga nilikuwa naacha faida kama ya 5,000. Mara 12 ni 60,000. Yaani nilipata 30,000 kwa kuacha 60,000. Nilifundisha mwezi mzima nikijilipisha mwenyewe 30,000, na koo likauma juu yake. Mwezi wa pili wakarudi watu wanne, na wale walionilipa nusu hakuna hata mmoja aliyemalizia.

Hela hiyo ilirudi, ubao bado ninao. Kilichoniuma zaidi ni mama mmoja.

Huyu mama ana duka la vipodozi, sio mbali na mimi, na alikuwa mteja wangu wa mchele na sukari kila wiki. Alilipa 20,000 kamili, wa kwanza kabisa. Mimi nikaanza na "My name is", kisha "I am, you are, he is", kitabu ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku ya tatu nikamsimamisha asome mbele ya wenzake. Akasema "he" akimtaja dada aliyekaa pembeni yake. Kosa la kawaida sana, kwa sababu Kiswahili tuna "yeye" tu, hakijali mwanaume wala mwanamke. Kijana mmoja nyuma akacheka. Kijana mwenyewe alisoma na mtoto wa huyo mama. Na mimi, naomba mnisamehe, nikatabasamu.

Mama akakaa. Kesho yake hakuja. Na dukani kwangu hakukanyaga tena. Nilimwona mara mbili akipita na mfuko wa sukari aliyonunua kwingine, ananipungia mkono tu kwa heshima. Piga hesabu mwenyewe mteja wa kila wiki anaondoka na shilingi ngapi kwa mwaka.

Baada ya miezi kama mitatu nikajikaza nikaenda dukani kwake. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba radhi, nikataka kumrudishia hela yake. Akakataa hela. Akasema, "Mwanangu, mimi sikutaka kuongea na Wazungu. Wazungu gani wananunua mafuta ya nywele kwangu?" Akaingia nyuma ya kaunta, akatoa boksi la losheni. "Nisomee hapa." Pameandikwa MFG na tarehe, chini yake EXP na tarehe. Kumbe kuna siku alipokea mzigo, akaona tarehe, hakujua ipi ya kutengenezwa na ipi ya kuisha. Katoni nzima ilikuwa imebakiza wiki chache, na wateja wakaja kumrudishia. Hicho ndicho kilichomtoa nyumbani jioni na 20,000 yake, na mimi nikampa "My name is".

Hapo ndipo nilipoelewa ninachouza. Sisi wa rejareja hatumlazimishi mtu anunue kilo ya sukari kama anataka robo. Tunampimia robo, analipa ya robo, kesho anarudi. Kiingereza nacho kwa mtu mzima kipimwe hivyo hivyo. Yule mama alitaka robo: maneno kama 30 yanayokaa kwenye maboksi ya vipodozi. Tulikaa vipindi vitatu pale pale kwake, kitabu chetu kikawa maboksi yake mwenyewe. Tarehe ya kuisha. "For external use only", maana yake ni ya kupaka, sio ya kumeza. "Avoid contact with eyes." "Shake well." "Keep out of reach of children." Kipindi cha tatu alinishika yeye kwenye kopo ambalo mimi nilisoma haraka nikakosea mwezi.

Baadaye mzee mmoja mteja wangu aliponisikia nasimulia hivyo alicheka, akaniambia hilo sio jipya huku kwetu. Nikatafuta nikasoma, na kweli. Mwaka 1968 serikali pamoja na UNESCO walianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa kwenye mikoa ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Watu wazima hawakufundishwa kusoma kwa vitabu vya watoto. Vitabu viliandikwa kufuata kazi ya mtu. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa maneno ya pamba, kulikuwa na vya migomba, vya uvuvi, vya ng'ombe, vya mambo ya nyumbani. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na 1975 ikatungwa sheria iliyoanzisha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ambayo ipo mpaka leo. Na kwenye kampeni zile waliofundisha hawakuwa walimu wa shule peke yao, wengi walikuwa watu wa kawaida wanaojua kusoma, wakiwemo waliomaliza shule ya msingi tu. Hilo lilinipa moyo, nisiwafiche.

Basi nikabadilisha biashara yote. Siku hizi kabla sijapokea hela ya mtu namuuliza: lini mara ya mwisho ulikosa hela au uliaibika kwa sababu ya Kiingereza? Simuulizi "unataka kujua Kiingereza?" maana kila mtu atasema ndiyo. Akikosa jibu la swali langu, namwambia asubiri kwanza. Kuna dada mmoja alitaka Kiingereza kwa sababu anafuata mzigo Sirari na anavuka kwa Wakenya. Nikamuuliza, hao Wakenya unaongea nao nini sasa hivi? Kiswahili. Wanakuelewa? Vizuri kabisa. Nikamwambia dada yangu, hiyo hela ongeza kwenye mtaji. Alishangaa, lakini wiki hiyo hiyo akanileta mdogo wake anayefanya kazi gesti.

Wa gesti na wa bodaboda ndio wateja wangu wakubwa, kwa hiyo niwaeleze wanachohitaji hasa. Ukijua hivi tayari una masomo ya miezi miwili.

Cha kwanza ni saa, na hapa ndipo pana hela. Dereva mmoja wa boda aliongea na wageni jioni, wakamwambia kesho "seven". Yeye akasikia saba. Akaenda saa 7 mchana, kajipaka mafuta, kaosha pikipiki. Wageni walishaondoka saa 1 asubuhi na mtu mwingine. Safari nzima ikapotea kwa neno moja ambalo alilijua vizuri! Saba ni "seven", hakukosea tafsiri, alikosea saa. Wengi wanafundisha toa 6 au ongeza 6. Ni sawa, ila mtu akiwa na haraka anachanganya. Mimi natumia saa ya ukutani: tazama namba iliyo upande wa pili, mkabala. Saba inatazamana na moja. Nane inatazamana na mbili. Kumi na mbili inatazamana na sita. Nilichora saa moja kubwa kwenye kipande cha boksi na hakuna kipindi cha gesti kinachopita bila kuitoa. Mgeni akisema chai "at eight", dada anatazama ng'ambo, saa 2.

Cha pili ni bei. "Fifteen" na "fifty" masikioni zinafanana, na mgeni aliyesikia 15,000 hatakubali 50,000 hata ukiwa na haki. Hapo sihangaiki na matamshi sana, nawafundisha tabia: taja bei, halafu iandike kwenye simu umwonyeshe. Tena hapa mimi mwenyewe niliumbuka. Niliwafundisha waseme "balance" wakimaanisha chenji, kwa sababu ndivyo tunavyosikia kwa majirani zetu Kenya na kwetu pia. Dada wa gesti akamwambia mgeni "I bring your balance", mgeni akakodoa macho, akadhani ni habari za benki. Neno analolijua yule ni "change". Kipindi kilichofuata nikasimama nikasema jamani niliwapotosha. Niliogopa wataondoka, lakini ndio kwanza walianza kuniuliza maswali kwa uhuru.

Cha tatu ni adabu, na hili vitabu vingi havigusi kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Sisi tukisema "nipe kitambulisho" kwa sauti ya upole, hakuna tatizo. Ukitafsiri moja kwa moja "Give me your ID" unasikika kama askari. "Naomba" ukiigeuza "I beg" unasikika kama omba omba. Nawapa sentensi moja inayobeba zote, "Can I have…, please?", tunairudia kwa funguo, kwa pasipoti, kwa hela, kwa begi. Halafu kuna "pole". Mgeni kajikwaa, dada anasema "sorry", mgeni anajibu sio kosa lako. Nawaambia msishangae, wenzetu hawana pole. "Are you okay?" inatosha.

Na matamshi yapo, ila nayagusa pale tu yanapoharibu kazi. Huku kwetu wapo ambao l na r zinawabadilikia mdomoni kutokana na lugha ya nyumbani. Kwa dereva, "right" ikigeuka "light" ni kukunja kona isiyo yake. Nyingine zote naziacha. Mtu aongee kwa lafudhi yake ya Mara, kwani shida iko wapi?

Jinsi ninavyoendesha kipindi ni dakika 50, haizidi. Tunaanza na kilichotokea juzi: nani alikutana na mteja, ukakwama wapi? Neno alilokwama nalo mtu mmoja ndilo somo la siku hiyo. Tunasema wote kwa pamoja, benchi zima, mara nyingi, ndipo wawili wawili. Simsimamishi mtu peke yake tena, nilishalipia somo hilo. Mmoja anakuwa mgeni, mwingine mwenye gesti, tunatumia funguo za kweli na noti za kweli. Mwisho kila mtu anaandika sentensi tatu kwenye daftari dogo la mfukoni. Na kabla ya yote, aliyenizidi umri namwamkia. Kuwa mwalimu hakukufanyi uwe mkubwa wake. Mzee akishaitikia marahaba ndipo anakubali kukosolewa na kijana.

Muda nimehamishia saa 8 mchana, duka likiwa limelala. Hakuna chumba cha kukodi, ni kibaraza cha duka. Malipo 1,000 kwa kipindi, unalipa umekuja. Usipokuja hulipi na hunikimbii. Hili la deni ni kubwa kuliko mnavyodhani, mtu mwenye deni la ada anapita barabara nyingine, na mteja wa duka umempoteza. Wa gesti wapo watano, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wa boda sita, Jumanne na Jumamosi. Wote wakija kila siku ingekuwa 108,000 kwa mwezi. Hawaji wote. Mwezi uliopita nilikusanya 81,000, kopi na chaki 7,000, ikabaki 74,000, na duka halikufungwa hata dakika moja. Sio utajiri. Inalipa kodi ya fremu na inabaki ya nauli ya kufuata mzigo. Soda wanazonunua kwangu baada ya kipindi sijazihesabu.

Kuhusu cheti. Mimi nina cha kidato cha nne na Kiingereza nilipata C. Kilichobaki nilikiokota kwa redio, kwa madereva wa malori na kwa kusoma kila karatasi inayokuja na mzigo. Hicho kinatosha kumfundisha mtu wa gesti, hakitoshi kumwandaa mtu wa mtihani wa kwenda kusoma nje, na akija wa hivyo namwelekeza kwa mwalimu aliyesomea. Ukitaka hii iwe kazi ya maisha, uajiriwe kwenye vyuo vya lugha au ufundishe watu wa nchi nyingine mtandaoni, jiandae kuulizwa cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha. Kinachojulikana sana ni CELTA cha Cambridge: masaa kama 120 ya mafunzo, ndani yake angalau masaa 6 unafundisha wanafunzi wa kweli huku unatazamwa. Ada yake ni mamilioni. Vipo vya mtandaoni vya bei chee, ila kabla hujalipa uliza kimoja tu: ndani yake nitafundisha watu, au nitajibu maswali tu? Hakuna chombo kimoja duniani kinachovisimamia vyote, kwa hiyo mwajiri mmoja anakikubali, mwingine anakisukuma pembeni.

Na usikimbilie kuandika "chuo" ukutani wala kugawa vyeti vyako mwenyewe. Benchi la watu sita ni jambo moja, kituo ni jambo la usajili. Mimi nilianza kwa mtendaji wa mtaa nikamwambia ninachofanya. Ukitaka kukua zaidi ya hapo, halmashauri kuna afisa elimu ya watu wazima, mwone kabla hujapaka rangi.

Anayetaka kuanza wiki hii asinunue kitabu. Chagua kazi moja unayoijua na wateja wake unawajua, kaa na mtu mmoja wa kazi hiyo siku nzima, andika kila mahali Kiingereza kinapomkwamisha. Ukipata maneno 30 una bidhaa. Mfundishe huyo mmoja bure vipindi vitatu. Ikimsaidia ataleta wenzake, isipomsaidia umepoteza alasiri tatu tu, sio 40,000 ya chumba.

Yule mama wa vipodozi amerudi kununua sukari kwangu. Alhamisi iliyopita alinileta wenzake wawili wa sokoni, mmoja anauza maziwa ya watoto ya kopo, mwingine dawa za kuoshea vyombo na vyoo, na kila mmoja kaja na mfuko wa makopo yake. Hawakutaka kukaa kibarazani, wapita njia watawaona. Nimesogeza benchi ndani, nyuma ya magunia ya maharage, tunaanza wiki ijayo saa 8.